Mvinyo Ulioitwa Bado

Wadad na kaka yake Labib waliishi nyumba moja, kaka chini na dada juu, na mwaka mzima hawakusemezana ila siku moja tu. Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Barbara, Desemba inapoanza, na maneno yao waliyasemea ghalani, chini ya nyumba, mbele ya chupa za marehemu baba yao. Siku nyingine zote walipishana langoni kama wapangaji wasiojuana: Labib akitazama mawingu, Wadad akitafuta ufunguo mkobani na huku ameushika mkononi.

Mimi ni jirani yao, ukuta kwa ukuta, hapa mtaa wa juu wa mji wa Zahle, tangu nilipoletwa bibi harusi. Mume wangu, Baba Nakhle, ndiye mwenye bucha pale kwenye kona. Haya ninayoyasimulia mengine niliyaona kwa macho, mengine Wadad alinipa kidogo kidogo tulipokaa kukunja wali ndani ya majani ya mzabibu, maana mikono ikiwa na kazi ulimi hulegea.

Chanzo cha yote kilikuwa simu. Wakati wa vita Wadad alikuwa Beirut, mwalimu wa jiografia, na Labib alibaki hapa na wazee, akilima mizabibu. Msimu mmoja wa baridi mama yao, Bi Najla, akashikwa na kifua. Wadad akapiga simu kuuliza kama aje. Labib alimtazama mama kitandani, akatazama nje. Mlima ulikuwa umefunikwa na theluji, na barabarani kila kundi lilikuwa limeweka kizuizi chake na bunduki zake. Akasema, "Bado. Mama anakunywa supu yake vizuri. Ngoja njia ifunguke, utakuja Jumapili."

Mama alifariki Ijumaa. Wadad alipofika, viatu vimelowa, wanawake walikuwa wameshaanza kuosha vikombe vya kahawa ya matanga. Hakupiga kelele, wala hakujigaragaza. Alimwendea kaka yake katikati ya watu akamwambia, "Ulisema bado." Basi. Tangu siku ile ikawa kama mtu kafunga bomba.

Baba yao, Mzee Mitri, aliyaona yote akanyamaza. Alikuwa mkamuaji wa zabibu, mtu wa maneno machache, na mvinyo wake wa nyumbani ulijulikana mpaka bonde la chini. Mwaka mmoja kabla ya msiba huo alikuwa amepata mavuno ambayo, kwa kauli yake, mkulima huyapata mara moja, tena akiwa na bahati. Chupa za mwaka ule hakumuuzia mtu. Alizilaza nyuma kabisa ya ghala, kwenye mwamba, mahali ambapo kiangazi na baridi havitofautiani sana, akawa anazipitia kama mtu anayechungulia watoto waliolala.

Alipoona siku zake zinakaribia aliwaita wote wawili. Wadad akaja kutoka Beirut, akasimama upande huu wa kitanda, Labib upande ule.

"Zile chupa za nyuma si za kuuza," mzee akasema. "Kila Barbara mtafungua moja, muionje wote wawili, pamoja. Siku mtakayokubaliana kwamba mvinyo umeiva, waiteni watu wa mtaa waje wanywe, nanyi mnywe nao. Msipokubaliana, rudini mwakani."

"Na tukikosea?" Wadad akauliza.

"Mkiwahi, mtakunywa ukakasi. Mkichelewa, mtakunywa maji ya majani. Niliwafundisha, hamtakosea."

Mtaani kila mtu alielewa mzee alikuwa anatafuta nini. Baba Nakhle alisema, "Huyu mzee kawafunga pingu kwa kizibo."

Ni kweli aliwafundisha. Walipokuwa wadogo aliwachovyea kipande cha mkate kwenye mvinyo akawaambia wafumbe macho na kutaja wanachosikia. Wakakua na pua kali wote wawili, hata ikawa vigumu kusema nani anamzidi mwenzake. Kwa hiyo kila Barbara, saa za alasiri, Wadad alishuka kwenye teksi ya abiria kutoka Beirut, akavuka ua, akamkuta Labib mlangoni pa ghala na mshumaa. Walishuka. Labib alizibua, akamimina polepole juu ya mwanga wa mshumaa ili mashapo yabaki chupani. Wakatazama rangi, wakanusa, wakaonja. Walizungumza juu ya mvinyo tu, bila kuitana jina wala dada wala kaka. Kisha wakapanda, kila mtu na njia yake.

Miaka ya mwanzo hawakuwa na la kubishania. Mvinyo ulikuwa mweusi na ukakasi wake ulikausha ulimi kama tunda bichi. Ikafuata miaka ambayo mvinyo ulinuna. Ukiunusa husikii kitu, si tunda, si ua, kama mgeni aliyekasirishwa akakataa hata kuitikia salamu. Asiyejua hudhani umeharibika akaumwaga. Wao walijua kwamba ni kipindi, kitapita. "Umefunga mdomo," mmoja alisema. "Umefunga," mwenzake akaitikia. "Bado."

Bado, bado. Sisi majirani tukaanza kuchoka kungoja. Wadad alistaafu, akarudi kuishi ile sehemu ya juu ambayo ni urithi wake, na tukadhani sasa, kwa kuwa wako chini ya paa moja, mambo yatalainika. Wapi! Mke wa Labib alikuwa ameshafariki na binti yao pekee, Rola, ameolewa Montreal, kwa hiyo walibaki wawili tu, kila mmoja na sufuria yake na redio yake. Na kila Barbara ilipofika, Baba Nakhle alisimama mlangoni pa bucha na aproni yake.

"Mwalimu Wadad! Leo vipi?"

"Bado, Baba Nakhle."

"Mwaka jana bado, mwaka juzi bado. Huo ni mvinyo au mimba ya ngamia?"

"Wewe shughulika na nyama yako. Juzi umeniuzia mifupa."

Yalikuwa mazoea. Miaka ilikwenda hivyo, na sikuwahi kujiuliza imekuwaje watu wawili wenye pua kama zile wangojee kiasi kile.

Halafu, mwisho wa mavuno ya mwaka mmoja, Labib alianguka kwenye ngazi ya mbao akifunga kamba za mizabibu ya uani, akavunjika nyonga. Rola alikuja mbio kutoka Canada, akakaa naye mpaka alipotoka hospitali. Alimpangia kitanda karibu na jiko la kuni, akamnunulia fremu ya kutembelea, na siku ya kuondoka akasema mbele yetu, "Baba, majira ya kuchipua nakuja kukuchukua. Chumba chako kiko tayari." Labib hakubisha. Alikuwa ameanza kuonekana mdogo ndani ya nguo zake. Mimi nikawa napeleka chakula mchana, Baba Nakhle anapeleka kuni jioni. Wadad alikuwa juu. Alinipa mara mbili tatu bakuli la supu, akasema, "Usimwambie ni yangu." Nami sikumwambia, ila Labib alionja akanitazama, akaonja tena, akala mpaka mwisho.

Barbara ikafika. Nilikuwa jikoni nachemsha ngano ya sikukuu, natoa punje za komamanga, nikasikia hodi. Ni Wadad, amevaa koti.

"Mama Nakhle, hebu nenda kamwulize huyo wa chini kuhusu leo. Maana mlango wa ghala nimeukuta umefungwa."

"Kwani mimi posta? Mlango wake si huo hapo? Bisha."

"Nenda, mwenzangu. Nakuomba."

Nikaenda. Labib alikuwa ameketi kitandani, kanyoa ndevu, kavaa shati safi. Nikajua naye alikuwa anangoja.

"Mwambie ghala halina lifti," akasema. "Akitaka, alete chupa hapa. Lakini asiitikise. Aibebe kama mtoto aliyelala."

Akanipa ufunguo wa ghala, nikarudisha jibu. Wadad akatoa macho. "Ati nisitikise! Yeye alizaliwa akijua kubeba chupa, mimi nilikuwa nabeba matofali? Nipe ufunguo."

Alishuka ghalani peke yake, kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Alikaa sana huko chini. Alipotoka, nywele zake zilikuwa na utando wa buibui, na chupa ameilaza mkononi kama alivyoambiwa. Akanishika kiwiko. "Twende wote," akasema. "Shika glasi." Kwa hiyo nilikuwapo. Nilibeba glasi mbili, jagi, mshumaa na bakuli la ngano, tukaingia kwa Labib.

Wadad hakuwa ameingia chumba kile tangu matanga ya baba. Alisimama kizingitini akitazama. Kulikuwa na kiti kimoja tu. Kwenye sinia kulikuwa na kikombe kimoja kimefunikwa kifudifudi, na karibu yake sahani moja na uma mmoja. Magotini Labib alikuwa amejifunika shali ya mama yao, Bi Najla, ile ya sufu ya kahawia, imetoboka pembeni. Nikamvutia Wadad kile kiti, mimi nikakaa juu ya sanduku la kuni.

"Zibua wewe," Labib akasema. "Mkono wangu hauna nguvu tena."

Kizibo kilikatika nusu, nusu nyingine ikasagika kama udongo wa chungu. Wadad akawasha mshumaa, akamimina. Mimi si mjuzi wa mvinyo, lakini hata mimi nilishtuka, kwa sababu kilichoingia kwenye jagi kilikuwa na rangi ya chai iliyolala. Akajaza glasi kidogo kidogo. Alinusa. Labib alinusa. Harufu ilinifikia mpaka pale nilipokaa: uyoga uliochemshwa, na karatasi zilizoloa maji.

Labib akanywa, akaushika mdomoni, akameza. Kuni zililia jikoni. Mtaani watoto walikuwa wameanza kupita na vinyago vyao vya Barbara, wakigonga milango na kuimba. Labib akaweka glasi juu ya goti.

"Bado," akasema.

Wadad alimtazama.

"Kaka," akasema. Tangu nimjue sikuwahi kumsikia akimwita hivyo. "Kaka, huu umekufa."

"Bado kidogo. Pengine chupa hii ndiyo mbaya. Mwakani…"

"Mwakani uko Montreal. Huu umekufa, nawe unajua. Na wa mwaka jana ulikuwa umekufa. Na wa mwaka juzi."

Labib alianza kukunja ncha ya shali, akaikunjua, akaikunja tena.

"Uliiva mwaka ule uliokuja na koti la kijani," akasema hatimaye.

"Koti la kijani?" Sauti ya Wadad ilipanda. "Lile nilimpa mtoto wa mpangaji mwenzangu kabla sijastaafu! Kaka, hiyo ni zamani!"

"Ndiyo."

"Mwaka ule nilisikia tini. Tini zilizokauka, na ngozi mpya, kama ndani ya duka la viatu."

"Na cheri," Labib akasema. "Zile za Mama, za kupika na sukari. Na ulimini hakuna kinachokwaruza. Ulikuwa umekamilika. Baba angelia."

"Sasa kwa nini ulisema bado?"

"Na wewe kwa nini uliitikia?"

Wadad akageuza uso kwenye dirisha. Labib akasema polepole, kama mtu anayeeleza jambo la aibu kwa daktari, "Ningesema umeiva, tungewaita watu, wangekunywa, wangetushukuru, wangekwenda zao. Halafu Barbara ya mwaka unaofuata ungekuja hapa kufanya nini? Ungeshuka kwenye teksi kwa ajili gani?"

"Nilikaa na glasi mkononi," Wadad akasema, bado anatazama dirishani, "nikamwomba Mungu usiseme umeiva. Uliposema bado niliitikia haraka, nikiogopa utabadili neno."

Nilitaka kutoka, niwaachie chumba. Lakini mlango ulikuwa upande wa pili na ningelazimika kupita katikati yao. Nikabaki nimeinamia bakuli langu la ngano.

"Na Mama?" Wadad akauliza. "Sema kweli, alikuwa anakunywa supu?"

"Vijiko viwili," Labib akasema. "Alikunywa vijiko viwili, nikajiambia, anakunywa. Na usiku uliotangulia wenye vizuizi walikuwa wamewateremsha watu kwenye gari kule mlimani, hawakuonekana tena. Niliona heri unichukie uko hai."

"Aliniulizia?"

Labib alifumba macho. "Alikuulizia. Nikamwambia unakuja Jumapili. Akasema, 'Jumapili si mbali.'"

Wadad akasimama. Akaweka glasi yake chini taratibu kabisa, akaokota vipande vya kizibo kimoja kimoja kwenye kitambaa, akatoka. Tukasikia nyayo zake zinapanda, kisha mlango ukafungwa. Labib akaniambia, "Mama Nakhle, nipunguzie moto huo." Moto ulikuwa mdogo tu. Niliupunguza hivyo hivyo.

Nilidhani wameachana kwa mara ya mwisho. Lakini kesho yake asubuhi, kabla Baba Nakhle hajafungua bucha, Wadad alikuwa mlangoni kwangu, macho yamevimba, sauti kavu ya kimwalimu.

"Waiteni watu. Jumamosi, saa tisa mchana, chini kwa kaka."

"Waje kunywa nini, dada yangu? Si umesema umekufa?"

"Zimebaki chupa nyingi. Chupa hazifi zote siku moja. Baba alisema waitwe watu, wataitwa."

Kuwaita ndiko kulikotuonyesha tumechelewa kiasi gani. Nilipita nyumba hadi nyumba. Kwa Shahin, fundi viatu: mlango una kufuli, watoto wako Brazil. Kwa Mama Afif, ambaye Mzee Mitri alikuwa akimtania kila asubuhi: amekufa. Kwa wale ndugu waliokuwa wakicheza bao na mzee: mmoja kaburini, mmoja hajui hata jina lake. Tuliokusanyika Jumamosi hatukufika kumi na watano, pamoja na Padri Ilarion, aliyekuja na mwavuli, na Mzee Shukri fundi shaba, aliyeshikwa mkono na mjukuu.

Tulileta kibe za nyama na ngano, zeituni, jibini, na Baba Nakhle akaleta chupa ya araki yake, ile pombe kali ya zabibu, akaificha nyuma ya mlango. "Tahadhari tu," aliniambia. Yeye ndiye aliyepandisha chupa kutoka ghalani, mbili mbili, na Wadad akazibua mezani, beseni miguuni. Labib alikaa kitandani kama hakimu. Kila glasi ya kwanza ilikwenda kwake, akanusa, akampa Wadad, naye akanusa, wakatazamana, akamwaga.

Ya kwanza, imekufa. Ya pili, imekufa. Nyingine ilikuwa imevuja hata mvinyo ukashuka chini ya shingo ya chupa, imegeuka kitu cha ukungu. Tulikuwa tumenyamaza mwanzoni kwa heshima, kama kanisani. Baada ya chupa ya saba au ya nane heshima ilianza kuchoka.

"Mwalimu," Baba Nakhle akasema, akitazama beseni, "hii hata kuwa siki imekataa."

"Pandisha nyingine, wewe."

"Napandisha. Ila nyonga ya pili ikivunjika ni yangu, mjue."

Watu walicheka, na Labib naye akacheka, jambo ambalo sikuwa nimelisikia miaka mingi. Araki ikatoka nyuma ya mlango. Watu wakala, wakazungumza bei ya mafuta ya jiko na watoto waliopo ughaibuni, na Wadad akaendelea kuzibua. Beseni lilijaa, tukalimwaga uani, likajaa tena. Nje theluji nyepesi ilikuwa imeanza, na pale tulipomwaga ilibaki alama ya kahawia. Nilimwona Wadad anapangusa paji la uso kwa nyuma ya kiganja, midomo ameikaza. Nilitaka kumwambia, inatosha, mama, ziache. Sikuthubutu.

Ikaja chupa iliyokuwa imelala chini kabisa, karibu na mwamba. Kizibo kilitoka kizima, kimeloa kidogo tu. Alipomimina, sote tuliona tofauti: wekundu bado ulikuwamo katikati, ukingoni tu rangi ya tofali. Wadad hakuunusa. Alimpelekea kaka yake. Labib akaweka pua ndani ya glasi, akakaa hivyo muda, kisha akamrudishia bila neno. Wadad akanusa.

"Huu," akasema.

Chumba kizima kikasimama. Padri Ilarion akajifuta mdomo, akainua mkono. "Ndugu zangu, kwanza tumkumbuke marehemu Mitri, na marehemu Najla, na wote waliotangulia mbele ya haki, ambao kwa neema…"

"Padri, fupisha!" Labib akapaza sauti kutoka kitandani. "Mvinyo mzee ukishafunguliwa hauna saa nzima. Unakufa huo!"

"Amina," padri akasema papo hapo, akatoa glasi yake.

Wadad akazunguka. Ilikuwa chupa moja kwa watu wote, kwa hiyo kila mmoja alipata tone la kulowesha ulimi, la kumeza mara mbili. Mimi nilipata langu. Siwezi kulieleza kama wao. Ulikuwa laini, ukapita kooni, na baada ya kumeza ndipo nikasikia tunda, likakaa mdomoni muda mrefu, kama wimbo wa mtu aliyeshageuka kona. Mzee Shukri alishika glasi kwa mikono miwili, akanywa, akasema, "Mitri, mwana wa laana, kumbe hukutudanganya," na machozi yakamtoka. Wengine walizungumza wote kwa pamoja. Labib alikunywa lake taratibu, macho yamefumbwa.

Wadad alimhudumia kila mtu, mpaka mjukuu wa Mzee Shukri, mpaka dereva wa padri aliyekuwa barazani. Ndipo akajimiminia uliobaki, akasimama karibu na dirisha, akanywa. Mimi nilikuwa jirani naye, nikauona uso wake. Dakika zilikuwa zimepita. Kilichokuwamo kwenye glasi zetu hakikuwamo tena kwenye yake.

"Vipi, dada?" Labib akauliza kutoka kule kitandani. "Umeusikia?"

"Nimeusikia," Wadad akasema. "Mzuri sana."

Baadaye, tulipokuwa tunaosha vyombo, nilimwuliza ulikuwaje. Akaniambia, "Maji ya majani." Akaendelea kuosha.

Msimu ule wa baridi Wadad alishuka chini kila jioni. Usifikiri walikuwa wakikumbatiana. Alimpelekea chakula, Labib akalalamika chumvi, Wadad akamwambia akapike mwenyewe na fremu yake. Mara nyingine walikaa wakitazama habari kwenye televisheni. Mengi waliyopaswa kuambiana yalikuwa yameshapitwa na umri, watu aliowajua mmoja mwenzake hakuwajua, na hakuna aliyejua aanzie mwaka gani. Lakini walikaa. Mlozi wa nyuma ya kanisa ulipotoa maua Rola akafika, kama alivyosema, na masanduku mawili matupu.

Asubuhi ya kuondoka Labib alivaa kofia mpya aliyoletewa na binti yake. Dereva alimsaidia kuingia garini. Wadad alimfunga shali ya mama shingoni, akaipachika ncha ndani ya koti.

"Huko baridi ni kali," akasema.

"Na hapa usikate mizabibu ya uani mapema," Labib akasema. "Ungoje umande wa barafu uishe."

"Najua."

"Najua unajua."

Gari likashuka mtaani. Wadad alibaki langoni hata baada ya mimi kuingia ndani.

Sasa nyumba yote ni yake, juu na chini. Nilimshauri apangishe ile sehemu ya chini, kuna wanafunzi wengi mjini wanatafuta vyumba. Akasema atafikiri. Ghalani hashuki, anasema viungo vinamuuma. Kila Jumapili jioni, wakati kwao Montreal ni mchana, Labib hupiga simu. Mwanzoni niliwasikia kupitia ukutani wakibishana, mizabibu, theluji, dawa za presha, fulani alikufa mwaka gani. Siku hizi nasikia kidogo.

Jumapili iliyopita niliingia kumpelekea mtindi. Nikamkuta mezani anachambua maharage, simu ameiegemeza kwenye chupa ya mafuta ya zeituni, kioo kinaonyesha dari jeupe na kona ya pazia. Hakuna aliyezungumza.

"Simu imekatika?" nikauliza.

"Haijakatika. Punguza sauti, Mama Nakhle," akasema. "Amesinzia."

Akaendelea kuchambua, nami nikaweka mtindi, nikatoka.